Siku sita ambazo mwalimu wa piano hayupo

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila huchukua muda kuikubali. Mwanafunzi wa piano huja mara moja kwa wiki, dakika 30, akizidisha sana 45. Wiki ina dakika 10,080. Zote zilizobaki yuko na vidole vyake peke yake.

Nilipoanza kufundisha nilizishindilia zile dakika 30 kama mtu anayefunga sanduku la safari: skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio kama ngazi), kusoma noti, wimbo wa zamani, wimbo mpya, na nasaha za mlangoni juu yake. Mwanafunzi aliondoka na kichwa kilichojaa, wiki iliyofuata akarudi yupo palepale. Nikamwona mvivu. Kumbe nilikuwa namfundisha kupiga, sikuwa nimemfundisha kufanya mazoezi, na hayo ni mambo mawili. Ninayoyaandika hapa yanafuata njia anayopita mwanafunzi tangu siku ya kwanza, pamoja na mashimo ambayo mwalimu mpya hutumbukia karibu kila mahali.

Anza na kiti. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu yake kidogo tu. Uso wa vitufe vya piano ya kawaida uko takriban sentimita 72 kutoka sakafuni, kwa hiyo mtoto akikalia kiti cha mezani huwa chini mno, mabega yanapanda kufuata mikono, na baada ya dakika kumi anasema amechoka. Mwongeze mto mgumu au blanketi lililokunjwa. Godoro laini halifai kwa sababu linamyumbisha. Akae nusu ya mbele ya kiti. Miguu isining'inie: weka kibao cha kukanyagia, sanduku, hata rundo la vitabu vizito. Mtoto anayening'iniza miguu hutafuta uthabiti kwa kukaza tumbo na shingo, na ukakamavu huo huteremka hadi kwenye vidole. Mwalimu huona vidole vigumu, akavihangaikia vidole, ilhali ugonjwa uko miguuni.

Kisha vitufe. Piano ina 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini usimpe mtu idadi hiyo kama mzigo. Mwonyeshe kwamba vyeusi vimepangwa kwa makundi ya viwili na vitatu, halafu mwambie afumbe macho na ayatafute makundi ya viwili kwa kupapasa. Kitufe cheupe kilicho kushoto mwa kundi la viwili ndicho C. Akikipata mara tano bila kuangalia, ramani imeshaingia. Vidole huhesabiwa 1 hadi 5 kuanzia dole gumba, kwa mikono yote miwili. Hapo somo la kwanza limetosha kabisa, hata kama saa inaonyesha dakika kumi na mbili zimebaki. Zitumie kumwimbisha au kumpigia kitu kizuri.

Mtego mkubwa wa miezi ya mwanzo ni vibandiko. Kuna raha ya haraka katika kubandika herufi kwenye vitufe, au kuandika namba ya kidole juu ya kila noti. Mwanafunzi anapiga wimbo siku hiyohiyo, mzazi anafurahi, mwalimu anajiona hodari. Gharama yake huja mwezi wa nne, mkono unapotakiwa kuhama. Ndipo unagundua hajawahi kusoma noti hata moja. Amekuwa akisoma namba, na kwake namba 3 ni E milele. Kumrudisha nyuma wakati huo kunaumiza zaidi kuliko kumchelewesha mwanzoni, maana tayari anajiona anajua.

Mimi huandika namba ya kidole sehemu mbili tu: pale mkono unapoanza, na pale unapohama. Kusoma kunaanza na noti tatu za kushikilia kama nguzo: C ya katikati, G ambayo ufunguo wa juu (ufunguo ni alama iliyo mwanzoni mwa mistari ya noti) unazunguka mstari wake, na F iliyo kati ya nukta mbili za ufunguo wa chini. Kutoka kwenye nguzo hizo, jicho lizoee umbali. Noti ikitoka mstari kwenda nafasi ya jirani, ni hatua moja, kidole cha jirani. Ikitoka mstari kwenda mstari unaofuata, ni kuruka kitufe kimoja. Anayesoma umbali hasomi herufi mojamoja, kama vile wewe unayesoma sentensi hii hukutaja silabi zake.

Ala aliyonayo mwanafunzi nyumbani huamua mengi kuliko mwalimu anavyopenda kukiri. Kinanda cha umeme cha vitufe 61 kisichotofautisha kubonyeza kwa nguvu na kubonyeza kwa upole kinatosha kwa miezi michache ya kutambua noti na mapigo. Baada ya hapo kinaanza kuharibu. Mwanafunzi anazoea kwamba sauti ni ileile hata afanye nini, na akija kwenye piano yenye nyundo halisi zinazogonga nyuzi anaona vitufe vizito kama mawe, sauti ya kwanza inatoka kubwa, ya pili haitoki kabisa. Kwa anayenunua ala ya umeme ninasisitiza mambo manne: vitufe vyote 88, viwe na uzito wa nyundo, viitikie nguvu ya kidole, na iwepo pedali (kikanyagio cha mguu) inayoweza kuunganishwa. Midundo mia tatu ya kuambatana nayo haina kazi. La tano hutajwa kwa nadra: stendi isiyotikisika. Stendi inayoyumba humfundisha mtu kupiga kwa woga.

Sasa tuje kwenye zile siku sita.

Dakika 15 kwa siku tano huzaa zaidi ya saa nzima na nusu ya Jumamosi. Sababu yake haina muujiza: kidole husahau kidogo kila siku, na kile kitendo cha kukumbuka upya ndicho kinachokomaza. Lakini kumwambia mtoto "fanya mazoezi dakika 15" ni sawa na kumwambia mtu "kasome". Akasome nini? Atakachofanya ni kupiga wimbo toka mwanzo hadi mwisho mara tatu, akikwama anarekebisha na kuendelea, kisha anafunga piano akiwa na dhamiri safi. Kwa njia hiyo mistari miwili ya kwanza hung'aa kama kioo na ukurasa wa pili hubaki magofu, kwa kuwa kila safari huanzia mwanzo na nguvu huishia njiani.

Kuna ubaya mwingine humo, na mimi nilichelewa kuuona. Anapokosea, akasimama, akasahihisha, kisha akasonga, mkono haujifunzi noti sahihi. Unajifunza mfululizo mzima: kosa, kusimama, kusahihisha. Wiki ijayo atakosea palepale na kusimama palepale, kwa uaminifu wa kushangaza. Dawa yake ni kurudi kipimo kimoja nyuma ya kosa (kipimo ni ile nafasi kati ya mstari wima na mwingine), kupunguza kasi hadi kosa lisiwezekane, kisha kuvuka mpaka ule mara tatu mfululizo bila doa. Mara tatu kweli. Akikosea ya tatu, anahesabu upya kuanzia moja. Mpe vifungo vitatu vya shati avihamishe kutoka upande mmoja wa piano kwenda mwingine, mtoto ataufanya mchezo.

Kwa hiyo daftari la kazi ya nyumbani liandikwe kama agizo la fundi: kipimo cha 5 hadi 8, mkono wa kushoto peke yake, kuhesabu kwa sauti, mara tano. Kisha kulia, vivyo hivyo. Kisha pamoja, nusu ya kasi. Mistari mitatu hadi minne kwa wiki, basi. Ukiandika kumi, atafanya ile anayoiweza tayari. Na mara kwa mara mwagize aanze na mstari wa mwisho wa wimbo, ajifunze kurudi nyuma kuelekea mwanzo. Akija kuupiga wote, atakuwa anaelekea mahali anapopajua badala ya kuelekea gizani.

Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi unayoichagua, ni chombo kizuri kinachotumika vibaya. Johann Maelzel alipata hataza yake mwaka 1815, na tangu wakati huo wanafunzi wameichukia kwa sababu huwashwa kwa kasi ya mwisho siku ya kwanza. Anzia kwenye kasi ambayo mtu anapiga huku amelegea, tuseme mapigo 60 kwa dakika. Ikitoka safi mara mbili, panda namba 4. Ikivunjika mara mbili, usishuke 4, shuka 8, kisha uanze kupanda tena. Na izimwe mara moja moja. Wapo wanaoweza kupiga na metronomu tu, kama mtu anayejua njia akiwa ameshikwa mkono.

Kuunganisha mikono ndiko kunakowakatisha wengi tamaa. Mwezi uliopita alipiga nyimbo tamu kwa mkono mmoja mmoja, leo anasikika kama mtu aliyeanza jana. Mwambie mapema kwamba kasi itashuka kwa nusu na hiyo si kushindwa. Kisha tembeeni kwa ngazi: kulia inapiga kwenye vitufe huku kushoto ikigonga mapigo yake pajani, halafu kinyume, halafu zipigwe zile noti tu ambazo mikono hukutana, nyingine zirukwe, mwisho ndipo zijazwe. Akifikia noti tatu kwa mkono wa kulia dhidi ya mbili kwa wa kushoto, msihesabu sehemu za desimali. Mpatie maneno manne ya kugonga mezani: "wote, kulia, kushoto, kulia". Ukigawa pigo zima katika sehemu sita, "wote" huchukua mbili, "kulia" moja, "kushoto" moja, "kulia" ya mwisho mbili. Ndefu, fupi, fupi, ndefu. Akiyagonga kwa dakika mbili bila kufikiri, mlango umefunguka.

Skeli nazo zina kisa chake. Sisi huanza na C meja kwa sababu haina kitufe cheusi na ni nyepesi kusoma. Lakini kwa mkono ni ngumu, kwa kuwa haina alama yoyote ya kushika na dole gumba linalazimika kupita chini ya kidole cha 3 kwenye uwanda mtupu. Mtunzi Chopin, aliyejipatia riziki kwa kufundisha piano Paris, alianzisha wanafunzi na B meja: vidole virefu vinatua kwenye vyeusi vitano, gumba linapata vyeupe viwili tu, B na E, na mkono unakaa kama ulivyoumbwa. Mimi huifundisha kwa kuiga, bila karatasi, maana shapu tano (alama za kupandisha noti) zitamtisha bure. Mkono wa kulia ni 1 2 3, 1 2 3 4, kisha 5 kileleni. Kosa la gumba ni kuchelewa. Linatakiwa lianze kusogea chini ya kiganja mara tu linapoachia kitufe chake, sio linapoitwa. Likichelewa, kiwiko kinaruka nje kama bawa la kuku na noti ile inapiga kelele kuliko jirani zake.

Maumivu ni jambo tofauti na uchovu, na hapo sina mzaha. Mkono ukichoka kati ya kiwiko na kiganja, pumzika, tikisa, angalia bega na kifundo cha mkono. Ukiuma, somo limeisha siku hiyo. Hakuna kipande cha muziki kinachostahili mshipa uliovimba.

Pedali ya kulia, ile inayoacha sauti ziendelee kuvuma, isubiri hadi vidole vijue kuunganisha sauti vyenyewe, vinginevyo huwa blanketi la kufunika vumbi. Kisigino kikae sakafuni muda wote. Zoezi lake ni la kidole kimoja: piga C, hesabu nne, bonyeza pedali kwenye mbili, shikilia, na kwenye moja inayofuata mguu uinuke wakati uleule kidole kinapotua kwenye D. Mkono chini, mguu juu. Karibu kila mtu hufanya kinyume, kwa sababu mwili hupenda vyote vishuke pamoja, na matokeo yake ni sauti mbili zinazochanganyika kama wasemaji wawili kwenye kipaza sauti kimoja.

Kuhusu nyimbo zenyewe nina mapenzi yangu, na sitajifanya sina. Ile menyueti (dansi ya zamani) ya G katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725, ambayo kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ya Bach na kumbe ni ya Christian Petzold, huwa naitoa mapema kwa sababu mkono wa kushoto una wimbo wake, haubebi mizigo tu. Mikrokosmos ya Bartók, vipande 153 katika vitabu sita, watoto wengine huiona kavu. Watu wazima huipenda, kwani kitabu cha kwanza huanza na mikono miwili ikienda sambamba, kisha polepole inaachana, na mtu anayehisi aibu ya kuanza akiwa na miaka arobaini anapata muziki usio wa kitoto. Na kuna Für Elise. Kila mtu anaitaka. Beethoven aliiandika mwaka 1810, ikachapishwa 1867, miaka arobaini baada ya kifo chake, na tangu hapo imekuwa ukurasa mmoja unaojulikana na kurasa zilizosahaulika. Sehemu ya mwanzo inawezekana baada ya mwaka mmoja na nusu hivi. Ya katikati, yenye noti za kasi katika F meja, na ile ya A inayorudiwa kwa mkono wa kushoto, ni ngumu mara mbili. Mwanafunzi akiitaka, mpe hizo mbili kwanza, bila kumwambia ni za wimbo gani. Siku akiunganisha, uso wake utakulipa.

Piano ya mwalimu ni mwanafunzi mwingine anayedai muda. Ina nyuzi kama 230, na mvuto wake wote kwa pamoja unakaribia tani 20. Ubao wa sauti hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, sauti ikapanda. Hewa ikikauka hushuka. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 ndio unaoipendeza. Iwekwe mbali na dirisha lenye jua, mbali na kiyoyozi kinachoivumia moja kwa moja, na fundi aje kuitengeneza sauti mara mbili kwa mwaka. Ukiiacha miaka mitano, fundi hataweza kuirudisha mahali pake kwa mkupuo mmoja. Ataivuta kwanza, kisha arudi baada ya wiki chache, nawe utalipia mara mbili. Kitufe kikiganda, kabla ya kumwita mtu, kumbuka penseli. Penseli za walimu wa piano hupotelea mahali pamoja tu.

Siku ya kazi yenyewe imepinduka. Watu wanapotoka shule na kazini ndipo sisi tunaingia, kwa hiyo saa kumi jioni hadi saa mbili usiku ni mfululizo. Ukipanga masomo sita bila pengo, kila moja likizidi dakika tatu, la sita litachelewa kuanza robo saa. Acha dakika tano kila katikati. Zinakula somo zima kwa jioni moja, na hiyo ni pesa, lakini bila hizo sauti inakauka na subira inaisha kwa mwanafunzi wa mwisho, ambaye hana kosa. Badilisha upande unaokaa. Anayekaa kulia mwa mwanafunzi mwaka mzima huishia na shingo iliyopinda.

Malipo kwa kila somo yalinifunza kwa ukali. Mwezi wa mitihani na likizo wanafunzi hupukutika, na mapato hupukutika nao ilhali saa zile umewatunzia. Ada ya mwezi ilipwe mbele, taarifa ya kuahirisha itolewe saa 24 kabla, na yote yaandikwe kwenye ukurasa mmoja ambao mzazi anauona siku ya kwanza. Kulisema baadaye, uhusiano ukiwa tayari mzuri, ni aibu kwa wote wawili.

Asubuhi ni ya mwalimu. Dakika 45 za kipande kinachonishinda, kwa sasa moja ya invensheni (vipande vifupi) za sauti mbili za Bach, ambazo alimtungia mwanawe Wilhelm Friedemann kwa mafunzo. Si kwa ajili ya kujionyesha. Mwalimu ambaye hajakwama kwa muda mrefu husahau jinsi kukwama kunavyouma, akaanza kusema "lakini hii ni rahisi".

Mwanafunzi atakapokuja bila kuwa amegusa piano wiki nzima, na atakuja, ile hasira ya mwalimu haina kazi. Zamani ningeanza kuuliza kwa nini. Sasa somo linageuka kuwa mazoezi: tunachukua vipimo vinne, tunavifanya kama ambavyo angevifanya nyumbani, na anaondoka akiwa na vipimo vinne. Mara nyingi hilo huwa somo bora la mwezi. Kiasi kwamba nimeliingiza kwenye kila somo: dakika tano za mwisho mwanafunzi anafanya mazoezi, anachagua mwenyewe aanzie wapi, anaamua mwenyewe kama ilikuwa safi, na mimi nimekaa kwenye kiti cha pembeni, mikono magotini, sisemi neno, hata pale gumba linapochelewa.